Mbuzi Chongo wa Ndani ya Simu

Ukishuka hapa Sultan Hamud uulize kwa Qamar, utaelekezwa na hata mtu asiyekunywa kahawa. Ni benchi moja refu la mbao karibu na reli, jiko la makaa, birika lililoungua likawa jeusi, na kahawa ya tangawizi inayokwaruza koo mpaka uongo uliokuwa umeupanga unatoka wenyewe. Hapo ndipo tunapokaa. Kuna Musyoka, tunayemwita Injinia kwa sababu alifungua redio ya kanisa aitengeneze, na mpaka leo haijafungika. Kuna Nthiwa, jina lake Ufunuo, kwani kwake kila kitu ni dalili ya siku za mwisho, hata maharagwe yakikataa kuiva. Kuna Qamar mwenyewe, ambaye kati yetu ndiye pekee anayefanya kazi. Halafu kuna mimi, ambaye Qamar ananiita Susu, yaani nyanya. Mimi wananiita Redio. Sababu sitaisema, kaa hapa kidogo utaijua.

Ijumaa hiyo nilifika na mbuzi watatu na simu moja, na vyote vinne vilikuwa vimenishinda.

Mbuzi walikuwa wa ntheo. Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wakishaingia bomani kwa kina msichana, huyo msichana ni wenu, hata kama kanisa halijaimba. Mjukuu wangu Muindi, yule anayeweka vigae huko Nairobi, aliwanunua majike wawili na beberu mmoja, akaniachia niwalinde mpaka Jumamosi wapelekwe Kitui, kwa kina Kanyiva, mchumba wake. Safari hiyo tulikuwa tumeiahirisha mara mbili, mara ya kwanza kwa matanga, mara ya pili mto ulijaa. Na nilikuwa nimesikia, msiniulize wapi, kwamba kuna mwalimu mmoja wa Mwingi ameanza kwenda pale bomani kuwatengenezea sola. Mwanamume anayepanda paa la watu bila kuitwa ana lake. Kwa hiyo tukikosa hii ya tatu, Kanyiva tungemsikia tu akitangazwa kanisani na jina la mtu mwingine.

Sasa mjomba wa msichana, mmoja anaitwa Mulinge, ndiye msemaji wao wa mambo ya mbuzi. Mbuzi wa ntheo hatakiwi awe na kilema: sikio lisiwe limekatika, pembe isiwe imevunjika, jicho lisiwe bovu. Akataka kwanza tumtumie picha. Mtu mwenye akili angemwambia asubiri kesho atawaona. Mimi nikasema hilo ni jambo dogo, nina simu ya kioo.

Hiyo simu ni Android ya zamani. Binti yangu Kalunde aliichoka huko Mombasa, akampa mumewe, mumewe naye akaichoka, ikaletwa kwangu. Yaani mimi ni kama mke wa tatu: nimemkuta mzee, tumbo limevimba, na bado natakiwa nitembee naye nikijivuna. Hilo tumbo ni betri. Kava ya nyuma nimeibana na raba ya nywele. Chaji inaingia tu ukiukunja waya na kuuwekea gunzi la mahindi chini. Kioo kina ufa mweusi umetoka pembe hii mpaka pembe ile. Ukiigusa inafikiri kwanza, kama mzee aliyeulizwa jina la mjukuu wake wa kumi. Asubuhi watu wengine wanaamshwa na jogoo. Mimi naamshwa na maandishi ya kusema nafasi imejaa. Lakini nisiisengenye sana. Tochi yake inamulika mpaka kwa jirani, na hivyo ndivyo nilivyojua mengi ninayoyajua. Na kwenye kikundi chetu cha akina mama wa kanisa nimeringa nayo mpaka sasa siwezi kulalamika. Mtu aliyeringa na kiatu hasemi kinabana.

Picha niliituma Alhamisi. Ijumaa asubuhi jibu likaja: *Huyo beberu ana kasoro. Hatuwezi kumpokea.*

Nikamjibu kwa hasira, herufi moja moja: *Kama huamini picha njoo uone mwenyewe. Tuko kwa Qamar, karibu na reli.* Kisha nikawaswaga mbuzi mpaka kwenye benchi, kwa sababu shida ikinipata nyumbani huwa naiona ndogo, inanoga ikifika kwa Qamar.

Injinia: Leta hiyo simu. Beberu yuko wapi?

Mimi: Huyo wa katikati.

Injinia: Huyu ni mbuzi? Nilidhani ni mtungi.

Mimi: Angalia kichwa, wacha tumbo.

Akaisogeza simu mbali mpaka mkono ukaisha, akairudisha puani.

Injinia: Aka. Redio, huyu mnyama ni chongo.

Mimi: Chongo nani? Geuka umwone. Ana macho mawili kama wewe, tena yake yanaona.

Akageuka. Beberu alikuwa nyuma yetu anacheua, macho mawili, mazuri, ya rangi ya asali. Tukarudi kwenye simu. Jicho moja. Pale penye jicho la pili palikuwa na mstari mweusi tu na kitu kama ukungu. Qamar akaja na birika mkononi, akatazama. Jicho moja.

Hapo nieleze mambo ya kamba. Wale mbuzi nilikuwa nimewafunga kwa kamba moja ya katani, na mwisho wa kamba nikaukandamiza chini ya mguu wa benchi. Fundo sikufunga. Fundo ni sisi. Tukikaa pale mimi, Injinia na Ufunuo, hilo benchi halinyanyuliwi hata na ndovu. Kila mtu kwa Qamar anafunga mbuzi wake hivyo, na hakuna mbuzi amewahi kupotea, kwa sababu hakuna mtu amewahi kusimama.

Qamar: Susu, huyo mjomba ameandika ni jicho?

Mimi: Ameandika kasoro. Sasa kasoro si ndiyo hii tunaiona?

Ufunuo: Wangekuwa wanampenda kijana wenu wasingesema. Akipenda, chongo huita kengeza.

Mimi: Ufunuo, beberu wangu si chongo wala kengeza. Ni simu.

Injinia: Ni simu, ndiyo. Na mimi najua ni nini. Hii simu inakuambia kila siku nafasi imejaa, ama haikuambii?

Mimi: Inaniambia.

Injinia: Hapo sasa. Wewe ukiwa na begi limejaa unafanya nini? Unatoa kitu. Simu imemwangalia mbuzi, ikaona jicho la pili ni kama la kwanza, ikasema hili tuache.

Qamar: Na pembe mbona ziko mbili?

Injinia: Pembe ni mfupa, Qamar. Mfupa hauli nafasi. Jicho ndilo lina mambo mengi. Kuna nyeupe, kuna nyeusi, kuna kope, kuna majimaji.

Mimi: Kwa hiyo nikifuta vitu jicho litarudi?

Injinia: Litarudi polepole. Mwenda pole hajikwai.

Nikaanza kufuta. Nikafuta mahubiri ya mchungaji, ambayo sikuwahi kuyafungua. Nikafuta picha tatu za kidole changu. Nikampiga beberu picha nyingine. Bado jicho moja. Nikampiga jike mmoja, naye akatoka bila pua.

Injinia: Unaona, sasa imehamia pua. Inatafuta.

Qamar: Mimi nasema si nafasi. Susu, hii simu imelelewa wapi?

Mimi: Mombasa, kwa Kalunde.

Qamar: Na Kalunde anajipiga picha vipi? Si ulituonyesha zile picha zake?

Nikakumbuka. Kalunde akijipiga picha anageuza shingo, analaza kichwa, nywele zinafunika nusu ya uso, unaona jicho moja na midomo.

Qamar: Basi. Miaka yote simu imemwona mtu na jicho moja. Leo unaiwekea mbuzi wa macho mawili, inadhani umekosea, inakusaidia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Injinia: Hiyo nayo inaweza kuwa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mbuzi.

Ufunuo alikuwa amenyamaza, na Ufunuo akinyamaza ujue anapika. Yeye simu ya kioo hana. Anasema ni ya kukuandikisha bila wewe kujua. Ana kabambe ya vitufe, kama Injinia, na ya Qamar pia ni kabambe. Ndiyo maana siku hiyo pale kijiweni jicho lote la dunia lilikuwa ni la hii simu yangu.

Ufunuo: Mama, huyo mwalimu wa Mwingi, ulisema anafanya nini pale kwa msichana?

Mimi: Anatengeneza sola.

Ufunuo: Juu ya paa.

Mimi: Juu ya paa.

Ufunuo: Umewahi kuiangalia sola vizuri? Ni kioo. Cheusi. Kinaangalia juu mchana kutwa. Kinavuta nini?

Injinia: Jua.

Ufunuo: Hivyo ndivyo mnaambiwa. Na picha ya mbuzi inatoka hapa kwenda Kitui ikipitia wapi? Inapitia chini?

Mimi: Inapitia hewani.

Ufunuo: Basi. Imepita hewani ikiwa na macho mawili, imefika pale juu ya paa, kile kioo kimechukua moja. Mjomba ameletewa chongo. Tena hizi simu zinaongea zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo na hii yako imeambiwa iwe inaonyesha vile vile, usije ukashtuka.

Hapo nawaambia ukweli, na nacheka ninapouandika: niliamini. Si yote. Lakini niliwaza yule mwalimu akiwa kule juu na bisibisi yake, na jicho la beberu wangu likiwa mfukoni mwake. Muindi alikuwa kazini hashiki simu. Kumpata beberu mwingine haikuwezekana, siku ya soko ilikuwa imepita. Na ni mimi niliyesema ni jambo dogo.

Mimi: Sasa tutajuaje?

Injinia: Tupime. Ikiwa inatoa macho ya mbuzi peke yake, ni mambo ya huyo mwalimu. Ikitoa ya watu pia, ni nafasi. Tupige sisi.

Ufunuo: Mimi sipigwi.

Qamar: Simama, mzee. Ukibaki na moja bado utaona kahawa.

Wakasimama mbele ya jiko, mgongo kwa benchi: Injinia katikati kama bwana harusi, Qamar na birika lake, na Ufunuo ambaye alikuwa ameshaziba jicho moja na kiganja ili simu isipate la kuchukua. Nami nikasimama mbele yao. Mwangaza wa kioo cha simu yangu ulishakufa zamani, juani huoni kitu, kwa hiyo nikajifunika leso kichwani pamoja na simu, nikawa kama mtu anayejifukiza dawa. Nikabonyeza. Ikafikiri. Nikabonyeza tena, ikakasirika, ikafikiri upya. Mwisho ikalia kach.

Nilipotoa kichwa kwenye leso, palikuwa na mwanamume mmoja amefika, mtu mzima, kofia kichwani, koti begani, vumbi la safari kwenye viatu. Alisalimia kwa adabu akaomba kahawa. Qamar akammiminia. Sisi tukarudi kwenye simu tukiwa tumesimama hivyo hivyo, vichwa vinne juu ya kioo.

Injinia: Uko wapi uso wangu?

Mimi: Huu hapa. Huna jicho.

Injinia: La kushoto ama la kulia?

Mimi: La upande wa birika.

Ufunuo: Mimi je?

Mimi: Wewe ulijiziba mwenyewe, utajuaje?

Qamar: Yangu yapo yote mawili.

Ufunuo: Kwa nini yeye ameachiwa?

Injinia: Alishika birika. Chuma. Chuma inarudisha.

Yule mgeni akauliza taratibu kuna shida gani. Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu akinipa sikio mimi siachi kulijaza. Nikamweleza ntheo, picha, kasoro, mwalimu wa paa, kisha nikafika kwa Mulinge.

Mimi: Mjomba mwenyewe simjui kwa sura, lakini habari zake ninazo. Nasikia ni mtu wa kukataa tu. Akipelekewa uji anasema ni mwepesi, ukiongezwa unga anasema mtanisonga. Na yeye mwenyewe alipooa, mbuzi wote watatu walikuwa wa kuazima. Walikaa kwa mkwe siku moja, wakarudishwa gizani.

Mgeni: Wote watatu?

Mimi: Wote. Nina mtu anayejua.

Akanywa kahawa. Akaangalia benchi, akaangalia chini ya benchi, akaangalia huku na huku. Kisha akauliza swali jepesi kabisa.

Mgeni: Na hao mbuzi wenyewe wako wapi?

Injinia aliinama akachungulia chini ya benchi. Ufunuo akatoa kiganja kwenye jicho, kumbe bado alikuwa amejiziba. Qamar akaangalia ndani ya birika, sijui kwa nini. Benchi lilikuwa tupu, jepesi, na chini ya mguu wake kulikuwa na vumbi tu.

Ni Qamar aliyeninyang'anya simu. Akaiangalia ile picha tena, nyuma ya kiwiko cha Ufunuo, akanionyesha. Walikuwepo. Wadogo, wenye ukungu, wamepigwa kutoka nyuma: matako matatu na mikia mitatu juu, kamba inawafuata, wanaelekea relini bila wasiwasi wowote.

Mimi mbio niliziacha miaka mingi, lakini siku hiyo zilinikumbuka. Injinia alikimbia na kikombe. Ufunuo alikimbia akiomba. Tulipofika, majike walikuwa wanakula kichaka cha mgunga pembeni, na beberu amesimama katikati ya reli, mguu mmoja juu ya chuma, anaangalia upande wa Emali kama msafiri aliyecheleweshwa. Na kutoka huko huko Emali tukasikia honi ya gari la mizigo, mbali, lakini si mbali sana.

Nikamwita kwa jina. Hakuwa na jina. Nikaita tu.

Yule mgeni akatupita. Hakukimbia. Alikwenda kwa hatua ndefu, akakanyaga kamba kwa kisigino, akaivuta, na beberu akashuka kama aliyekuwa anangoja kuombwa. Kisha akafanya kitu ambacho mpita njia hafanyi. Akamshika pembe akamgeuzia juani. Akavuta kope ya jicho moja chini, akavuta ya pili. Akapapasa masikio mpaka nchani. Akafungua mdomo akakagua meno. Akainua mguu mmoja mmoja.

Nikaanza kuhesabu kichwani yote niliyomwambia kuhusu Mulinge.

Gari la mizigo lilipita tukiwa tayari kwenye benchi, tumekaa wote, kamba chini ya mguu, na safari hii nikafunga na fundo. Lilipokwisha kupita na kelele zake, mgeni akavua kofia.

Mgeni: Mimi ndiye Mulinge. Nilikuwa hapo mjini Salama kwa shughuli zangu, nikapata maneno yako ya njoo uone mwenyewe.

Injinia akapiga kikombe chake funda moja refu, na kilikuwa tupu tangu relini.

Mulinge: Na wale mbuzi hawakuwa watatu wa kuazima. Walikuwa wawili. Wa tatu alikuwa wangu.

Mimi: Nitamrekebisha huyo aliyeniambia.

Mulinge: Mrekebishe.

Nikaona nikinyamaza nitakufa. Nikamuuliza.

Mimi: Mkwe wangu, beberu umemshika na mikono yako. Macho mawili. Ile kasoro uliyoiona kwenye picha ni ipi? Ni jicho, ama ni kitu kingine?

Aliingiza mkono kwenye koti akatoa simu. Wenzangu, nilidhani yangu ndiyo nyanya wa simu zote. Yake ilikuwa mama yake huyo nyanya. Pembe moja haina kioo, mgongo wote ni selotepu, na kifuniko cha betri kilikuwa kipande cha kadibodi ya sabuni. Akaibonyeza, tukangoja, ikafungua mahali penye ujumbe wangu. Palipotakiwa kuwa na beberu palikuwa na mraba wa kijivu, na katikati kaduara kadogo kanazunguka, kanazunguka.

Mulinge: Kanazunguka tangu jana.

Qamar: Kwa hivyo hukuona mbuzi kabisa.

Mulinge: Mzee wa ntheo hakubali siku ya kwanza. Baba yangu alikataa, na babu yangu alikataa. Ukikubali mara moja watu wanasema msichana alikuwa anawasumbua nyumbani.

Mimi: Sawa. Lakini ulikataa nini?

Mulinge akanyoosha kikombe aongezwe, Qamar akainamisha birika, akaliinamisha zaidi, akaligeuza kabisa. Tone moja.

Mimi: Basi mkwe, tuseme nini kwa kijana? Kesho tuje ama tusije?

Mulinge: Kwa mdomo mimi sisemi kitu kabla mbuzi hawajaingia bomani. Si desturi.

Kisha akasema kwamba simu si mdomo, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Alikuwa amekaa karibu nami mpaka magoti yetu yanagusana, na bado ilibidi maneno yake yaende mpaka huko yanakoendaga, kwa sola ama kwa nani, ndipo yanirudie. Tukangoja. Simu yangu ikatetemeka. Nikafungua. *Nafasi imejaa. Futa kitu kwanza.*

Injinia: Si nilisema.

Nikatafuta cha kufuta. Picha ya kijiwe na matako matatu niliipita. Hiyo nitazikwa nayo. Nikafika kwa yule beberu chongo aliyenizeesha asubuhi moja. Nikamgusa, simu ikafikiri, ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaondoka na jicho lake moja.

Ujumbe ukaingia. Niliusoma kwa sauti, kwa sababu mimi ni Redio:

*Leteni. Lakini kamba iwe mpya.*